Simu Iliyopewa Daraja A

Jumapili ya tarehe 21 Januari 2024, siku mbili kabla ya kura za mchujo, simu zililia kwa maelfu ya wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani. Aliyepokea alisikia sauti ya Rais Joe Biden ikimsihi asipige kura Jumanne, aitunze mpaka Novemba. Namba iliyoonekana ilikuwa ya kiongozi wa zamani wa chama cha Biden humo humo jimboni. Sauti ilitengenezwa kwa akili mnemba. Mwenye namba naye hakuwa amempigia mtu.

Magazeti yaliishangaa sauti. Mimi nimeitazama namba.

Kujivika namba ya mwingine si kazi kubwa. Katika simu za intaneti, namba ya mpigaji huwekwa na mtambo wa upande wake, nao huandika chochote ulichouagiza. Ndiyo maana kuanzia Juni 30, 2021, kampuni kubwa za simu nchini humo zililazimishwa kuzitia simu za intaneti saini ya kidijiti, mfumo uitwao STIR/SHAKEN. Saini hiyo ina madaraja matatu. A maana yake kampuni inamjua mteja na ana haki ya namba ile. B, inamjua mteja lakini si namba. C, simu imepita tu mikononi mwake.

Simu zile za uongo zilipewa A.

Aliyezipa ni Lingo Telecom, kampuni iliyozisafirisha, bila kujiridhisha kwamba namba ni ya mpigaji. Ni kama mwenyekiti wa mtaa anayegonga muhuri kwenye barua ya kumtambulisha mtu asiyemjua, kwa kuwa tu mwenyewe kasema anakaa pale. Heri asingeandika barua kabisa, maana anayeipokea huacha kuuliza.

Steve Kramer, mshauri wa siasa aliyeziandaa simu hizo, alisema alitaka kuamsha watu kuhusu hatari ya akili mnemba. FCC, mamlaka ya mawasiliano, ikamtoza dola milioni 6, ingawa Juni 2025 baraza la mahakama jimboni lilimwachia huru kwenye mashtaka ya jinai. Lingo ilikubali kulipa dola milioni 1, pamoja na sharti ambalo kwangu lina uzito kuliko faini zote mbili: haitatoa A tena ila kwa namba ambayo yenyewe imempa mpigaji.