Kinywa cha Kusomea Qur'ani



Twataka leo kulikumbusha jambo ambalo wengi wetu hulihisabu kuwa dogo, nalo si dogo: usafi wa kinywa. Kinywa hiki ndicho tusomeacho Fatiha katika kila rakaa, na ndicho tutamkiacho shahada. Basi je, twakitunza?

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiingia nyumbani kwake huanza kwa mswaki, na akiamka usiku kusali husugua meno yake. Ametujulisha kuwa lau si kuogopa kuutia umma wake mashakani, angeuamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Na katika saa zake za mwisho hapa duniani, alipomuona Abdulrahman bin Abi Bakr ana mswaki mkononi, aliukazia macho. Bibi Aisha (r.a.) akafahamu kuwa autaka, akautafuna hata ukalainika, kisha akampa. Tazameni namna Sunna hii ilivyokuwa tukufu kwake.

Sasa na tutazame hali zetu. Kijana mmoja alikuja darasani kwetu shavu limemvimba, hawezi kusoma hata aya moja. Shingoni alikuwa amevishwa hirizi. Mama yake hakukusudia ila kheri, kwani alikuwa ameambiwa kuwa jino lina mdudu, na kuwa mdudu hutolewa kwa azima. Alipofikishwa kwa daktari wa meno, usaha ulikuwa umekwisha kuenea, akang'olewa magego mawili ambayo hayataota tena. Ni nani wa kulaumiwa? Si mtoto, wala si mama peke yake. Ni sisi tuliokuwa tukimfunza nguzo za udhu kila wiki, wala hatukumuuliza hata siku moja kama ana mswaki.

Mdudu wa jino hayuko. Walioko ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika ukoga wa meno. Tulapo sukari navyo huila, kisha hutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo ilayo jino kidogo kidogo hata likatoboka. Kwa hivyo anywaye chai ya sukari asubuhi, soda adhuhuri, akala kashata alasiri na haluwa kwa kahawa usiku, hayapi meno yake nafasi ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani lilinasihi mwaka 2015 kuwa sukari tunayotia katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ipatikanayo kwa chakula cha siku.

Na tambuu je? Wataalamu wa saratani wa shirika hilo walithibitisha mwaka 2004 kuwa popoo, hata bila ya tumbaku, huleta saratani. Wako wasemao kuwa ni ada ya wazee wetu. Twawajibu: ada haihalalishi madhara, na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe.

Wengine huacha kusafisha meno mwezi mzima wa Ramadhani, wakitoa hoja ya harufu ya kinywa cha aliyefunga, ambayo mbele ya Mwenyezi Mungu ni bora kuliko miski. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini harufu hiyo ni ya kufunga, si ya mabaki ya daku yaliyooza baina ya meno. Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi imetajwa karaha ya kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Lakini Imamu Nawawi, naye ni wa madhehebu hayo hayo, alichagua kauli ya kuwa hapana karaha. Na hata afuataye kauli ya kwanza, ni nani aliyemzuia baada ya futari, kabla ya kulala, na baada ya daku?

Mswaki wa mti ni Sunna, nao husafisha vyema ukitumiwa kwa utaratibu mpaka kwenye magego na kando ya ufizi, na nyuzi zake zikichakaa zikatwe. Pamoja nao, madaktari huagiza kusafisha meno mara mbili kwa siku, moja ikiwa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi, ambayo hulitia jino nguvu. Wala mtoto mdogo asiachiwe kazi hii peke yake, kwani mkono wake haujaiweza.

Basi twawaomba walimu wa vyuo: mnapofunza udhu, funzeni na mswaki kwa vitendo. Twawaomba wazazi: jino likiuma, mpelekeni mtoto kwa daktari siku ile ile, na dua muombeni njiani. Kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mola.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuihuisha Sunna hii, na avisafishe vinywa vyetu na nyoyo zetu. Amin.