Je, Kumaliza Mbio Ni Kushinda?

Hapa Buswelu, kabla jua halijapanda juu ya mawe, twawaona watu wakikimbia barabarani. Hawakuchelewa kazini, wala hawafukuzwi na mtu. Wanajizoeza kwa mbio ndefu ziitwazo marathoni, ambazo urefu wake ni kilometa 42 na meta 195. Wazee waendao shambani, jembe begani, huwatazama na kuulizana: "Mtu akimbiaye asubuhi yote, kisha akarudi pale pale alipotoka, amefika wapi?" Swali hili si la mzaha, na yatupasa tulijibu.

Wazee wana haki kwa upande mmoja. Aliyelima tangu alfajiri amekwisha kutoka jasho, wala hana haja ya kulitafuta barabarani. Nguvu ni mali, na mali isitupwe ovyo. Lakini twasema hivi: aliyerudi pale alipotoka hakurudi yeye yule.

Tazameni jinsi mazoezi yalivyo. Mwanafunzi wa mbio haanzi na kilometa 42. Huanza na chache, akapumzika, akaongeza kidogo juma lifuatalo. Moyo wake huzoea kusukuma damu nyingi zaidi, na misuli iliyochoka hujijenga upya wakati wa kupumzika. Haba na haba hujaza kibaba. Katika kazi hii hapana mlango wa nyuma. Mtu aweza kuwadanganya jirani zake kwamba amejizoeza, lakini baada ya kilometa 30 hivi, akiba ya chakula iliyomo katika misuli na ini ikaribiapo kwisha, barabara itamwuliza ukweli wake. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mbio humfundisha mtu ni kujisemea kweli mwenyewe.

Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa alishinda mbio za New York mwaka 1989. Huko Boston alifika wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Yeye alifundisha kwamba nia ya kushinda haifai kitu pasipo nia ya kujitayarisha. Nia ya kwanza wanayo watu wote, lakini ya pili ni ya wachache, maana hutendeka gizani, pasipo mtu wa kupiga makofi.

Sasa twaja kwenye neno gumu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki. Mji ule uko juu meta 2,240 hivi, karibu mara mbili ya kimo cha ziwa letu, na hewa yake ni nyepesi. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani jua limekwisha kuchwa, goti limefungwa bendeji, akichechemea, baada ya saa 3 na dakika 25. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali azimalize.

Je, huo ulikuwa uaminifu au ukaidi? Mtu mwenye busara aweza kusema: goti ni la maisha yote, mbio ni za siku moja. Nasi twakiri kwamba kumaliza si mungu wa kuabudiwa. Anayeshikwa na maumivu ya kifua njiani na asimame, wala asione haya, kwa maana ana watoto wanaomngoja nyumbani. Kuacha kwa busara si kushindwa. Lakini yako maumivu yanayoonya kwamba mwili unaharibika, na yako maumivu yanayoomba kupumzika tu. Asiyejizoeza hawezi kuyapambanua, bali hutii yote au hudharau yote. Aliyejizoeza miezi mingi amejifunza kusikiliza. Tena mkaidi humaliza ili asichekwe, lakini mwaminifu humaliza kwa ajili ya wale waliomtuma. Jeraha la Akhwari silo tunalolisifu, bali neno lake alilolitimiza.

Mwezi wa Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni, miaka minane baada ya kupata medali ya shaba London mwaka 2017. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata ikapasa picha itazamwe ili mshindi ajulikane. Basi mmoja wetu alifika wa mwisho, na mmoja alifika wa kwanza, na wote wawili twawaheshimu. Wahenga walisema, kutangulia si kufika.

Ndugu zetu, si kila mtu ameitiwa marathoni. Lakini kila mmoja ana kazi aliyoianza kwa shangwe. Katika vijiji na miji yetu twaona misingi ya nyumba iliyoota majani, na madaftari ya kisomo yaliyoishia ukurasa wa tatu. Kabla hujaanza, jihesabu nguvu zako kwa kweli. Ukiisha kuanza, jizoeze kila siku, hata pasipo mtazamaji. Na jioni ikikukuta ungali njiani, ukiwa na goti lililofungwa, kumbuka waliokutuma, uendelee polepole. Mlango wa uwanja ungali wazi.