Nani Atakaa na Mama?



Nilipokuwa nikifundisha, niliwaambia wanafunzi kwamba sisi hatuwapeleki wazazi wetu katika nyumba za wazee. Sasa nimestaafu, na yanipasa kusahihisha daftari langu mwenyewe.

Mama yetu ana miaka 88. Alipopooza upande mmoja, tulimweka kwa mdogo wangu hapa Kariakoo, ghorofa ya nne, mahali palipokuwa zamani nyumba ya vyumba sita yenye ua. Mwenyeji na mkewe hutoka alfajiri kwenda dukani na kurudi usiku. Mama hubaki na binti wa kazi, ambaye pia hupika, hufua na kulea watoto. Mchana mmoja nilimkuta mama katika nguo zilizolowa tangu asubuhi. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama embe zimeshuka bei.

Tukaitana kikao. Mmoja wetu alitaja makao ya wazee ya Nunge, Kigamboni. Mjomba akapaza sauti: "Aibu! Mama ana watoto watano!" Alisema kweli, kwa kuwa makao ya serikali ni ya wasio na mtu, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka familia kwanza na makao mwisho. Tungempeleka, tungechukua kitanda cha mkiwa. Lakini je, aibu ya mjomba ilimbadilisha mama nguo?

Katika Marko 7 Bwana wetu aliwakemea watu waliosema mali yao ni korbani, wakfu kwa Mungu, wakapata kisingizio cha kutowasaidia wazazi. Nasi tuna korbani yetu. Tunasema "mila zetu", kisha mzigo wote tunamtwika binti wa kazi. Mzee aweza kutupwa hata akiwa nyumbani mwa mwanawe.

Tena, kumkabidhi mzazi kwa mwingine si lazima iwe kumtupa. Pale msalabani Yesu mwenyewe alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake. Ila angalieni: hakuliachia kundi zima. Alimwelekea mtu mmoja, naye akampokea kwake.

Basi tukafanya jambo ambalo tulikuwa tumelisahau: tulimwuliza mama. Akajibu, "Wanangu, nataka nyumba ya chini, nione watu wakipita."

Sasa yuko kwangu Buguruni, barazani. Tunachanga watano kumlipa mama mmoja anayejua kuuguza, na ukutani pana karatasi yenye siku ya kila mmoja wetu. Mjomba ameandikiwa Jumatano. Iwapo siku moja tutashindwa, tukalazimika kutafuta makao, karatasi hiyo itahamia huko pamoja naye.

Ndugu msomaji, nyumbani kwako leo ni zamu ya nani?