Sarafu Moja Juu ya Reli

Mwaka 2009 mtangazaji wa Uingereza, James May, aliwakusanya mamia ya watu watandike reli ya treni za mfano kutoka Barnstaple hadi Bideford, kilomita 16 hivi, pale ilipopita zamani reli ya kweli. Upana kati ya vyuma viwili ulikuwa milimita 16.5. Kazi ilifanywa kwa moyo, reli ikaisha. Treni hazikufika.

Treni hizo hula umeme wa reli yenyewe: chuma kimoja chanya, kingine hasi. Anayetaka kuzizima hahitaji nyundo. Akilaza sarafu juu ya vyuma vyote viwili, reli imeshapiga shoti. Ndivyo May na wenzake walivyofanyiwa, na kwingine vipande vya reli vilibebwa kabisa. Walipima volti na viungo. Wapita njia hawakupimwa.

May alirudi mwaka 2011. Wajerumani wa Miniatur Wunderland, Hamburg, walikuja na treni yenye nguvu tumboni mwake, na safari hii mwisho ulifikiwa.

Somo hilo linaifaa Burundi, ambayo haina reli hata moja. Mizigo ya Dar es Salaam huingia kwa malori kupitia Kobero, upande wa Muyinga, na mkataba wa reli ya Uvinza hadi Musongati, inayotarajiwa kuendelea mpaka Gitega, ulitiwa saini Januari 2025. Basi vijana wa Muyinga au Gitega wakiunda chama na kutandika reli ya mfano nje, treni yao itakuwa ya kwanza kuonwa na watoto wengi. Hao hawatakuja kuharibu, watakuja kugusa, na kidole cha mtoto mwenye shauku hupindua behewa vizuri tu kama cha mwizi.

Reli za kweli pia zimeguswa hivyo: Reli ya Uganda ilipoingia nchi ya Wanandi, katika Kenya ya leo, nyaya za simu zilikatwa zikawa mapambo. Wakoloni waliita wizi. Wanandi waliona chuma cha wageni kimepita kwao bila hodi.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza kichwa cha treni, chama kiwaite bashingantahe, wazee wa busara wa mlima husika, na wenye migomba ambako reli itapita. Watoto wao wapewe zamu za kupeperusha bendera na kukagua viungo kila asubuhi. Betri ziwekwe ndani ya treni. Na ada ya kiingilio isiwe kubwa kiasi cha kumwacha jirani nje ya ua, akichungulia.