Kadi ya Megabaiti 8

Masika yaliyopita kijana mmoja alinijia kibandani na PS4 aliyoiviringisha kwenye kanga ya mama yake. Dari lao lilikuwa limevuja usiku kucha, na maji yakapata njia ya kuingia kwenye mashine. Niliifungua mbele yake. Kutu ya kijani ilikuwa imeila bodi kuzunguka chipu kubwa, na mahali kama pale hakuna cha kufufua. Diski ilikuwa nzima kabisa.

"Fundi, mashine nitatafuta nyingine," akaniambia. "Wewe nirudishie nilikofika tu."

Ikanibidi nimweleze. Diski ya PS4 hufungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya mashine ileile iliyoiandika. Bodi ikifa, ufunguo unakufa nayo. Ukiichomeka diski hiyo kwenye PS4 ya mtu mwingine, inataka kuifomati tu, kama vile haijawahi kuandikwa kitu. Kijana hakuwa ameweka nakala mtandaoni wala kwenye flashi. Jioni zake za miaka miwili zilikuwa mle, nami nilizishika mkononi nisiweze kumpa. Nikamvutia kigoda akae.

Nimekuwa fundi wa gemu Kariakoo kwa miaka 10, na neno hilo "nilikofika" nalisikia karibu kila wiki. Siku ile lilinichoma kwa sababu iliyo yangu. Yuko mtu niliyemfutia alikofika, kwa makusudi, akili zangu zikiwa timamu.

Ilikuwa Tanga, Ngamiani, mwaka 2007. Nilikuwa na miaka 14. Banda la gemu la mtaani kwetu lilikuwa na televisheni tatu na PS2 tatu zilizotiwa chipu, nusu saa shilingi 200. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa moja tu, ya megabaiti 8, na mwenye banda aliitembeza kwenye mfuko wa shati kama mtu anavyotembea na ufunguo wa duka. Wengi tulicheza mpira, na mpira hauhitaji kadi. Waliokuwa wakiingoja ni wale wa GTA San Andreas, na mbele yao wote alikuwa kaka mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa kinyozi msaidizi, na sehemu kubwa ya alichopata iliishia pale. Alikuwa ameshaipita misheni ya treni, ile ya kulifukuza treni kwa pikipiki huku mwenzako akiwapiga risasi watu waliosimama juu ya mabehewa. Watu wazima walikuwa wakija kumtazama tu.

Ijumaa jioni alinifunga mabao saba mbele ya watu, akasema neno kuhusu marehemu baba yangu. Sitaliandika. Jumamosi asubuhi nikawahi. Mwenye banda akaniwashia, akaichomeka kadi kwa sababu nilimwomba, akatoka kwenda kutafuta chenji. Kwenye orodha ya kuanzia San Andreas kuna mahali pa kufungua ulikoishia, na chini yake kuna mahali pa kufuta. Nikachagua faili lake. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Halafu nikabadilisha diski nikacheza mpira peke yangu mpaka nusu saa yangu ikaisha.

Kesho yake nilihamishiwa Dar es Salaam kwa mjomba.

Mjomba alinipeleka madrasa, na ni huko nilikofundishwa masharti ya toba. Ustadhi alikuwa akituhesabisha kwa vidole. Uache dhambi, kidole. Ujute, kidole. Uazimie kutoirudia, kidole. Na kama dhambi yenyewe imegusa haki ya mtu, umrudishie haki yake au umwombe akusamehe. Mimi nilikunja vidole vitatu, cha nne kikabaki kimesimama. Nilimuuliza ustadhi, bila kumtajia jambo lenyewe, vipi kama kilichochukuliwa hakishikiki, hakina uzito wala bei. Akanijibu swali kwa swali: yule mtu alikipata bure?

Hakukipata bure. Alikilipia shilingi 200 kwa kila nusu saa, na alikilipia kwa jioni ambazo hakuna mashine inayomrudishia mtu.

Tangu hapo nimekuwa nikiyatazama magemu kwa jicho hilo: yanatufundisha nini kuhusu tendo na kutendua? Lugha yetu ina neno moja, kosa, linalobeba mambo mawili. Mshale ukipita pembeni ya ndege, umemkosa. Ukimtukana mzazi, umemkosea. Kosa la kwanza ni la mkono na la pili ni la moyo. Magemu ya zamani yalijua la kwanza tu. Super Mario Bros. ya 1985 inakupa maisha matatu, na huko nyuma kwenye mashine za kutia sarafu maisha yalipimwa kwa fedha iliyomo mfukoni. Ukitumbukia shimoni hukumdhulumu mtu, umeruka vibaya tu. Kurudishwa mwanzo ni rehema hapo. Mtoto anajifunza kuanguka bila kuvunjika, na mimi sitamzuia mwanangu kujifunza hivyo.

Mambo yalibadilika magemu yalipoanza kusimulia usaliti, mauaji na ahadi, huku kitufe cha kuanza upya kikibaki kilekile. Mchezaji anamuua mzee asiye na silaha ili aone itakuwaje, kisha anarudi alikosevu na mzee yuko hai anamsalimia. Kosa la moyo limetibiwa kwa dawa ya kosa la mkono. Nimeketi na vijana wengi kibandani wakifanya hivyo, na sisemi kwamba wameua. Hakuna aliyekufa. Ninachosema ni kwamba wamezoea kutazama ubaya kama kitu cha kuonjwa na kutemwa, na mazoea ni malezi.

Watunzi wa magemu wenyewe wameliona hili, na wengine wamehangaika nalo kwa uaminifu kuliko wahubiri wengi niliowasikia. Nintendo walipotoa Animal Crossing ya kwanza Japani mwaka 2001, walimweka ndani yake fuko anayeitwa Resetti. Ukizima mashine bila kusevu ili ukwepe jambo lililokuudhi, ukiwasha tena anachomoza ardhini na kukukaripia kwa maneno marefu yasiyorukika. Hakuadhibu. Anakuchosha tu mpaka uone haya. Toleo la 2020 linajisevu lenyewe, kwa hiyo kazi yake ile imekwisha, nami nasikitika. Mtoto alikuwa akikutana na mtu aliyejua alichofanya.

Kujua huko ndiko kulikomshughulisha Toby Fox katika Undertale, ya 2015. Mapema kabisa unakutana na mama mpole anayekuzuia mlangoni kwa kukuhofia. Wengi humpiga mpaka akafa kwa kutojua njia nyingine, kisha kwa majuto wanarudi nyuma na kumwacha hai. Mbele kidogo linawangoja ua lenye uso, nalo linawaambia kwamba linajua walichokifanya, na kwamba walirudi kwa kujuta. Nilipolifikia mara ya kwanza niliweka pedi chini. Ukiua wote mpaka mwisho, gemu hiyo inakudai roho yako, na hata ukianza upya na kuishi kwa wema, mwisho mwema unakuja na doa.

Kuna jingine ninalolifikiria zaidi. Katika Dark Souls ya 2011 mashine husevu kila wakati bila kukuuliza, na hakuna kurudi. Ukimuua muuza duka kwa hasira, duka limefungwa kwa safari yako yote. Ila kwenye mnara wa kengele yuko mtu aliyevaa nguo nyeusi, Oswald wa Carim, kazi yake kuondoa dhambi. Anauza. Bei yake hupanda kadiri daraja lako linavyopanda. Ukimlipa, wale uliowachokoza wanaacha kukushambulia, na dhambi zako zinafutwa. Mfu habadiliki, amebaki mfu. Msamaha wa kununuliwa ndio uliomfanya Martin Luther atoe hoja zake 95 kule Wittenberg mwaka 1517, na nadhani aliona kile ambacho mtunzi huyu wa Kijapani, Miyazaki Hidetaka, amekiweka mnarani bila mahubiri: daftari linaweza kusafishwa na aliyekosewa asipate kitu.

Toba kwa asili yake ya Kiarabu maana yake ni kurejea. Hapo ndipo nilipokuwa nikichanganyikiwa ujanani, kwa sababu kuseti upya nako ni kurejea. Tofauti nimeipata kwa Imamu Ghazali, katika kitabu cha toba kinachofungua robo ya mwisho ya kazi yake, Ihya. Anaipanga toba kwa mambo matatu yanayozaana: ujuzi, hali ya moyo, na tendo. Unajua ulichokiharibu, ujuzi huo unazaa uchungu, uchungu unazaa tendo. Kitufe kinakurudisha kabla ya kosa, mikono mitupu, na kwa kuwa umefika kabla ya kosa huna cha kujua wala cha kuumia. Mwenye kutubu anarejea na mzigo wake. Hakuna dakika anayoruhusiwa kujifanya jambo halikutokea, kwa sababu likiwa halikutokea hana cha kutubia.

Mwaka 2019 nilikuwa na PS4 ya kujaribia kazi, na usiku baada ya kufunga nikaimaliza NieR: Automata ya Yoko Taro. Ina miisho mingi, na mwisho mkuu ni vita vya ajabu: majina ya watengenezaji yanashuka kwenye skrini yakikushambulia, na wewe ni chombo kidogo kinachokufa tena na tena. Nilikufa mara zisizohesabika. Kisha ukaja msaada. Vyombo vingine vikanizunguka vikikinga risasi, na kila kimoja kilipovunjika liliandikwa jina la mchezaji fulani na kwamba data zake zimepotea. Watu wa nchi nisizozijua walikuwa wamefuta walikofika ili mimi nipite.

Mwishoni unaulizwa kama nawe utatoa chako. Unaambiwa utakayemsaidia humjui, hatajua kukushukuru, na huenda ni mtu ambaye ungemchukia. Unaulizwa mara kadhaa kama una hakika.

Nilikaa mbele ya swali hilo mpaka adhana ya alfajiri. Lilikuwa swali nililoulizwa Ngamiani nikiwa na miaka 14, nikajibu upesi. Safari hii nikabonyeza ndiyo nikiwa nalia, na nikatazama silaha, ramani na kazi zote zikifutwa moja moja mpaka kurasa zikawa tupu.

Kwa muda niliamini nimelipa. Nilijiambia nilifuta cha mtu, sasa nimefuta changu, mizani imelingana. Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba nilikuwa nimepanda mnara kwa Oswald. Nilichotoa kilikuwa sadaka ya kweli, sikijutii, na natumaini kuna mtu kilimvusha. Lakini sadaka kwa mgeni hailipi deni la jirani. Aliyedhulumiwa alikuwa mmoja, mwenye jina na sauti, na hakupata kitu.

Hata hivyo sikumtafuta. Ilipita miaka. Nadhani ningeendelea hivyo kama yule kijana wa kanga asingeketi kwenye kigoda changu akiigeuzageuza diski yake nzima isiyosomeka. Jioni ile nilimpigia binamu yangu Tanga, na kesho yake nikawa na namba. Yule kaka sasa ana saluni yake mwenyewe Korogwe.

"Asalaam alaykum, kaka. Mimi mtoto wa nyumba ya tatu, Ngamiani."

Alinikumbuka. Tukaulizana hali, wazazi, watoto. Kisha nikamweleza, kwa mfuatano, pamoja na kuomba kadi ichomekwe. Alinyamaza muda mrefu nikasikia mashine ya kunyolea ikizimwa.

"Ni wewe," akasema. "Mdogo wangu, mimi nilimpiga yule mzee."

Alimaanisha mwenye banda. Aliamini ni yeye aliyefuta ili kupata nafasi kwenye kadi, akamwita mwizi mbele ya watu, wakashikana, na mzee akaanguka na kuvunjika mkono. Vijana wakamfuata kinyozi, wakahamia banda jingine. La mzee likafungwa kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Miaka yote hii nilikuwa nikipima deni la faili moja, kumbe ndani yake kulikuwa na mkono wa mtu na riziki ya nyumba nzima.

Akaniambia haki yake amenisamehe, na la kuhusu baba yangu nimsamehe naye. Nikamsamehe. Kisha tukabaki wote wawili kwenye simu, kila mmoja akijua kilichobaki.

Mzee yuko hai, anaishi kwa binti yake Muheza, macho yake hayaoni vizuri. Yule kaka atapanda basi Korogwe, mimi nitatoka hapa Alhamisi usiku, tukutane Muheza Ijumaa kabla ya sala. Nimeuliza bei ya zile PS2 tatu ilikuwa ngapi wakati ule, na mapato ya banda kama lile kwa mwezi, nikaandika kwenye karatasi. Karatasi hiyo nitamsomea mimi, kwa kuwa hataweza kuisoma mwenyewe. Akikataa kunisamehe, itakuwa haki yake.