Kujikana

Katika mafundisho ya dini ya Kikristo hapana lililo zito kwa binadamu kama lile lisemalo kuwa mtu apendaye kuishi hana budi kwanza kufa. Kifo kinachokusudiwa si cha mwili. Ni kifo cha ubinafsi: mtu kuacha kujifanya kitovu cha dunia, ili Mungu na jirani wapate nafasi moyoni mwake. Fundisho hili hutamkwa upesi, hutendwa kwa shida, na lisipofasiriwa kwa haki huweza kumdhuru mtu badala ya kumponya. Kwa hiyo yafaa kuuliza: afe nani, kwa amri ya nani, na ili apate kuishi nani?

Bonde la Kilombero ni mahali pafaapo kwa swali hilo. Wako wasimulizi wanaolifasiri jina la Ifakara kuwa ni mahali pa kufia, na si ajabu katika bonde la mafuriko na mbu. Lakini mafuriko yayo hayo hustawisha mpunga, na mkulima wa mpunga anajua jambo ambalo mwanachuoni hulitafuta vitabuni.

Injili ya Yohana, katika sura ya 12, huleta mfano wa punje ya ngano inayoanguka ardhini. Mkulima wa Ifakara huusikia mfano huo kwa sikio la mpunga. Methali husema akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha, si kweli kwa mbegu. Mbegu inayohifadhiwa daima ghalani huliwa na fukusi, au hupoteza uhai wake kimyakimya. Ile inayofukiwa hupasuka ganda, na chakula kilichokuwa ndani yake hutumika chote kulisha chipukizi. Kilichokufa ni ganda na umbo la zamani. Uhai wenyewe umepata nafasi. Vivyo hivyo, kufa kwa ubinafsi hakuui utu. Huvunja ganda lililoufunga utu.

Walakini punje ina njia mbili za kupoteza ganda lake. Yaweza kupandwa, na yaweza kutiwa kinuni. Machoni pa mtazamaji zote mbili zimekoma kuwa punje. Lakini ile ya shambani itazaa suke, na ile ya kinuni itakuwa chakula cha mtu mwingine. Mchele hauoti. Mke apigwaye akaambiwa avumilie kwa kuwa huo ni msalaba wake, na kibarua anyimwaye ujira akaambiwa asipende mali, hawapandwi hao, wanatwangwa. Na mara nyingi anayewahubiria kufa ni yule aliyeshika mchi.

Lugha ya Kiswahili yenyewe hutoa hukumu katika shauri hili. Neno la wacha Mungu ni kujikana, na ndani yake mna kiambishi -ji-, kinachoonyesha kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja. Mtu huweza kukanwa na ndugu, kunyimwa na tajiri, au kudharauliwa na mtawala. Lakini hakuna awezaye kujikana kwa niaba ya mwenziwe. Ikiondolewa silabi hiyo ndogo, ibada hugeuka dhuluma. Imani ya Kikristo haisemi kinyume. Katika sura ya 10 ya Injili ile ile, Yesu anafundisha kuwa hanyang'anywi uhai wake, bali anautoa kwa hiari. Wala kujikana si kujidharau, kwa sababu kitu kisicho na thamani hakiwezi kuwa zawadi.

Ifakara inao ushahidi wa jambo hili katika kituo cha Nazareti, kilichohudumia wagonjwa wa ukoma. Zamani ugonjwa huo ulimwua mtu mara mbili: mwilini kwa vidonda, na kijijini kwa kutengwa. Wagonjwa hawakujikana, walikanwa. Waliojikana ni wauguzi, masista na mapadri waliokubali kugusa kile ambacho wengine walikikimbia. Ndivyo alivyofanya padri Damien wa Ubelgiji, aliyekwenda kisiwa cha Molokai mwaka 1873, akapata ukoma yeye mwenyewe, akafa mwaka 1889. Katika mwaka ule ule wa 1873 tabibu Hansen wa Norway aligundua kimelea cha ugonjwa huo.

Sayansi imefundisha kuwa ukoma huharibu neva, hata mkono ukafa ganzi, ukaungua motoni bila mwenyewe kujua. Ganzi ya mgonjwa ilikuwa katika ngozi. Ganzi ya jirani aliyemfukuza ilikuwa moyoni. Basi ni yupi aliyehitaji zaidi kuzaliwa upya? Tangu mwaka 1981, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa za mchanganyiko, ukoma hupona kabisa. Woga wa jirani hauna kidonge. Hupona siku mtu anapokubali kuuzika mwenyewe, akanyosha mkono wake. Na hapo hugundua kuwa aliyerudishiwa hisia ni yeye.

Kwa hiyo ipo alama ya kuyapambanua mauti haya mawili. Ambapo aliye dhaifu amesimama wima, na aliye na nguvu amejishusha kwa hiari, punje imepandwa. Ambapo mmoja amenenepa kwa kufa kwa mwingine, hapo ni kinuni, hata kama nyimbo za kanisa zinasikika.

Wakati wa mavuno mkulima wa Kilombero haitafuti punje ile aliyoifukia. Hakuipanda ili airudishiwe. Hushika suke mkononi, akacheka, na katika suke hilo huchagua nyingine za kupanda.