Sufuri Nne za Laetoli

Sokoni Karatu, vitunguu vya Mang'ola hupangwa mafungu. Fungu langu lilikuwa pungufu.

"Mama, mbona hapa vinne? Mengine yana vitano."

Akacheka, akaongeza kimoja. Nikamwonyesha lumbesa iliyoegemea ukuta nyuma yake: humo vimo vingapi?

"Gunia halihesabiwi, baba. Linabebwa."

Nilipanda na jibu hilo hadi Ngorongoro. Huko Laetoli, mwaka 1978, timu ya Mary Leakey ilianza kufukua njia ya nyayo za viumbe waliopita kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano. Umri wa nyayo hizo huandikwa miaka 3,660,000.

Itazame kwanza namba yenyewe, miaka uiweke kando. Ni 2⁵ × 3 × 5⁴ × 61, na vigawo vyake ni 120. Ipunguze moja tu, iwe 3,659,999: 2, 3 na 5 zote zinagoma kuigawanya, ilhali 7, iliyokuwa ikigoma, sasa inakubali. Katika hisabati, namba mbili zinaweza kupakana ukuta kwa ukuta na zisifanane kwa lolote.

Lakini mwaka huo mmoja ukipungua, nyayo zinajali? Umri wake umetokana na kupima argoni inayozaliwa polepole na potasiamu ndani ya madini ya majivu. Kipimo kinatupa milioni 3.66 na kuishia hapo. Sufuri nne za mwisho hazikupimwa na mtu. Zimeshika nafasi tu. Zifute, ibaki 366, na vigawo vinashuka hadi 8. Vile vingine 112 vililetwa na sufuri. Sehemu kubwa ya utajiri wa namba hii, basi, imeota palepale ujuzi wetu ulipokomea.

Hisabati haikusema uongo. Vigawo 120 ni kweli ya namba, na ingekuwa kweli hata kama volkano isingelipuka kamwe. Kosa huanza pale tunapoichukua kweli ya namba na kuivika miaka. Alama ya sufuri ndiyo inayotuponza, maana ina kauli mbili. Mara inasema, "Nimehesabu, sikukuta kitu." Mara inasema, "Hapa sikufika." Kwenye karatasi, kauli zote mbili ni kiduara kilekile, na anayesoma haraka husikia ile ya kwanza tu.

Muuza vitunguu hakuchanganya kauli hizo. Kwenye fungu alikubali kudaiwa kitunguu kimoja. Kwenye gunia hakudai kujua. Nyayo za Laetoli nazo ni fungu: ukizifukua unaweza kuzihesabu moja moja, na ukiruka mmoja utasahihishwa. Miaka yake ni gunia.